Ule moshi si wa ndege kuungua

SWALI: Mzee mhariri, salamu kutoka Jinja. Mi ni fundi wa boda. Juzi kijana wangu kanionyesha kwenye simu video ya ndege ya mabomu ya Marekani ya zamani, B-47, inaruka huku ubavuni inatoa moto na moshi mzito mpaka uwanja hauonekani. Nikasema hiyo inaungua, yeye akasema hapana baba, hizo ni roketi wamefunga makusudi. Nani mkweli? Na kama injini ziko sita roketi za nini tena, si kuwatafutia marubani kifo?

JIBU: Ndugu fundi, kijana kasema kweli. Rudia hiyo video uangalie vizuri, baada ya sekunde chache moshi unakatika wote kwa mara moja na ndege inaendelea kupanda na injini zake.

Kwa nini roketi? We unajua boda iliyobeba mikungu mitatu ya matoke ikianza kilima kutoka imesimama, inalia tu haitoki. Jeti za kwanza zilikuwa hivyo, ukiongeza mafuta injini inachelewa kushika, mwendo ukiwa mdogo nguvu haitoshi, na kukiwa na joto hewa inakuwa nyepesi ndo mbaya kabisa, ndege imejaa mafuta na mabomu na barabara ya kurukia inaisha. B-47 iliruka mara ya kwanza 17 Desemba 1947, na za mwanzo zilijengewa roketi 18 mbavuni, tisa kila upande, kila moja inasukuma kama kilo 450. Zote pamoja ni kama tani 8, karibu nusu ya nguvu ya injini zote sita!

Sasa hatari, na hapa wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Injini ya petroli ukifunga mafuta inazima. Roketi hizi ni za mafuta makavu, yaani magumu kama gogo, si ya maji, na ukishaiwasha umeiwasha, rubani hana swichi ya kuizima hata akiona mambo yameharibika. Alafu kuna ufa. Gogo zima linaungua polepole, lipasue vipande uone moto wake, na hayo mafuta makavu ni hivyo hivyo, yakipata ufa moto unaingia ndani, yanaungua sehemu nyingi kwa pamoja, presha inapanda na chupa ya roketi inapasuka. Wataalamu wa chuo cha Caltech kule California walipofunga roketi kwenye kindege cha Ercoupe mwaka 1941 waliteswa na jambo hilo, zikikaa stoo joto na baridi vinazipasua ndani, huwezi kuona kwa nje, ukiwasha zinalipuka. Mwaka 1942 mmoja wao, Jack Parsons, akachanganya lami, ndiyo, lami kama ya barabara, na kemikali ya kuleta oksijeni, na hiyo haikupasuka ovyo.

Kwenye B-47 zile 18 zilikaa jirani na matenki ya mafuta, mi naona huko ndo kulikuwa kucheza na roho za watu. Baadaye wakazitoa, wakaweka mkanda wa roketi 33 nje ya tumbo, zikiisha kuungua rubani anauachia unaanguka. Hata hivyo 26 Novemba 1958 kwenye kambi ya Chennault, Louisiana, B-47 yenye bomu la nyuklia iliungua ikiwa chini, na chanzo kinachotajwa ni roketi kujiwasha zikaisukuma ndege mpaka ikagonga gari la kuvuta ndege.

Na hii inatugusa sisi pia. Entebbe iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kampuni ya de Havilland ya Uingereza walitengeneza roketi ya Sprite ili ndege yao ya abiria, Comet, iweze kuruka viwanja vya joto na vya juu namna hiyo. Waliijaribu mwaka 1951, lakini injini zikawa zimeimarika, roketi hazikuhitajika tena. Comet ya kwanza yenye abiria ilitoka London 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg, ikatua Entebbe, ikapaa tena juu ya ziwa bila roketi hata moja.