Skuta, Boxer na piki kubwa: nani amsalimie nani barabarani

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Umenunua skuta, asubuhi unatoka Kibaha kwenda Posta, ukipishana na wenye piki kubwa unawapungia mkono nao wanapita kama hawajaona kitu. Bodaboda nao kimya. Ukauliza mambo matatu: wenye skuta hatuhesabiwi? Nani anapaswa kuanza? Na kama mkono haujibiwi, tupige honi au tuwashe taa? Wachangiaji wengi wamekujibu kwamba wale jamaa wanaringa, basi. Wanaoringa wapo, nitawafikia. Lakini mimi nimeendesha Boxer, piki ya bodaboda, nimeendesha skuta huku na Ulaya, sasa nina piki ya safari ndefu, na naona mnawaonea. Wengi wao hawakukuona, na waliokuona hawakuwa na mkono wa kukujibu.

Angalia mikono inafanya nini. Wa kulia umeshika mafuta na breki ya mbele. Ukiuachia, chombo kinapoteza mwendo hapohapo, na nyuma yako kuna Coaster. Unabaki wa kushoto. Sasa sisi tunapita kushoto mwa barabara, kwa hiyo anayekuja mbele yako yuko kuliani kwako. Mkono wa kushoto ukiunyoosha unaisalimia mitaro na wachoma mahindi. Yeye anaona helmeti na taa tu. Halafu kuna mwendo. Wewe uko 80, yeye yuko 80, mnakaribiana kwa kilomita 160 kwa saa: mita mia zinaisha ndani ya sekunde mbili na kidogo. Humo ndani anatakiwa akutambue, aamue, atoe mkono, na bado akwepe shimo. Ndiyo maana Waingereza, ambao nao wanapita kushoto, wamezoea kutikisa kichwa tu. Kwenye nchi zinazopita kulia, mkono wa kushoto uko upande uleule wa anayekuja, kupunga ni kazi rahisi. Video nyingi za Wazungu wanaopungiana zinatoka huko. Huhitaji hata kwenda mbali: ukivuka Rusumo kuingia Rwanda unahamia kulia, na ghafla mkono wako wa kushoto unaonekana.

Kwa skuta kuna jambo la ziada ambalo wauzaji huwa hawalisemi. Kwenye Boxer au TVS mkono wa kushoto una klachi. Ukiuondoa kwa sekunde moja, breki zote bado unazo, ya mbele kwenye mkono wa kulia, ya nyuma kwenye mguu wa kulia. Kwenye skuta yako isiyo na gia, mkono wa kushoto ndio breki ya nyuma. Ukipunga umebaki na breki ya mbele peke yake, juu ya lami yenye mchanga. Tairi nazo ni ndogo. Vespa za gia tulizozoea kuziona Unguja zina rimu ya inchi 10, Boxer ina 17. Shimo ambalo Boxer inalipita juujuu, rimu ya inchi 10 inazama ndani yake, na usukani ulioshikwa kwa mkono mmoja unageuka wenyewe. Kwa hiyo mwenye skuta, salimia kwa kichwa. Inamisha kidevu kidogo, mikono ikae ilipo.

Tuje kwenye kuringa. Nilisoma Karlsruhe, Ujerumani, na usafiri wangu ulikuwa skuta ya cc 125 iliyochoka. Kule kupungiana ni desturi hasa: nje ya mji mkono wa kushoto unashushwa pembeni, usawa wa goti, vidole viwili vimenyooka. Mjini hawahangaiki nayo. Jumapili yenye jua nikipanda milima ya Schwarzwald kwa barabara ya B500, piki zinapita kwa makundi, wanasalimiana wao kwa wao, na mimi nikinyoosha vidole, mtu anaangalia miti. Wajerumani wenyewe wanabishana kama mwenye skuta anastahili salamu, na wapo wanaosema bila aibu kwamba hapana, eti skuta siyo pikipiki. Uingereza uhasama huo ni wa siku nyingi. Mwaka 1964 vijana wa skuta na vijana wa pikipiki walipigana ufukweni Brighton mpaka ikawa habari ya magazeti ya nchi nzima. Kwa hiyo hukunyimwa salamu peke yako, mkuu, uko kwenye ukoo mrefu.

Ila nikaona kitu. Wajerumani wengi husajili pikipiki kwa msimu. Pembeni mwa namba kunaandikwa tarakimu mbili juu na mbili chini, tuseme 04 na 10, maana yake inaruhusiwa barabarani kuanzia Aprili hadi mwisho wa Oktoba. Ikiingia Novemba tunabaki sisi tusio na gari na wachache wasiosikia baridi. Wakati huo ubaguzi wote unakwisha: piki ya BMW inaisalimia skuta, skuta inamsalimia mleta pizza. Salamu inapanda bei watu wakiwa wachache. Na Ufaransa, ng'ambo ya mto Rhine tu hapo, wanashukuru kwa mguu: gari likiwapisha, mwenye piki akishalipita ananyoosha mguu wa kulia pembeni. Mara ya kwanza kuona nilidhani jamaa analipiga gari teke.

Sasa rudi kwetu. Hapa pikipiki siyo starehe ya Jumapili. Kutoka Kibaha mpaka Ubungo unapishana na bodaboda wasiohesabika. Ukimpungia kila mmoja, mkono hautarudi kwenye usukani. Na ule mkono ulio huru ni wa kushoto, nasi wengi tumelelewa kwamba mtu mzima hapungiwi kwa kushoto. Kuna rafiki yangu nilikuwa naye njia ya Pangani, alimpungia mzee mmoja aliyekuja na Honda ndogo ya zamani. Tulimkuta yule mzee baadaye mjini, dukani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamuuliza rafiki yangu kwa upole kabisa, "Wewe ndiye uliyenipa kushoto kule?" Rafiki yangu akamweleza habari ya mafuta na breki. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Kichwa huna, mwanangu? Ungetikisa kichwa." Duka zima likacheka.

Halafu unasema bodaboda hawakusalimii. Siku moja ondoka na stendi ikiwa chini uone. Hujamaliza mtaa utasikia "Stendi! Boss, stendi!" kutoka kwa watu usiowajua, na mwingine ananyoosha mguu kukuonyesha. Mwenye abiria aliyevaa dera au aliyejitanda kanga inayoning'inia, barabara nzima inakuwa ndugu yake: "Nguo! Dada, nguo!" Pale Mbezi nilimwona dereva wa bodaboda akipiga honi mfululizo kumfuata mwenzake aliyebeba mama mmoja. Akampita, akamzuia mbele, akashuka. Pindo la dera lilikuwa limeshapakwa grisi ya mnyororo. Akalivuta taratibu, akalikunja, akampa mama mkononi kama anamrudishia chenji, akapanda chombo chake akaondoka. Hakuna aliyemuuliza jina. Yule dereva ukipishana naye kesho ukampungia, hatakujibu, na mimi sitamlaumu.

Hiyo ndiyo salamu ninayoifahamu kwenye lami ya kwetu, mtu kukwambia kitu unachohitaji kukijua. Nyingine unaipata kila siku bila kujua. Umeandika kwamba kuna watu "wanakufanyia vidole" mchana, wanafumba na kufumbua kiganja, na hujui wanataka nini. Wanakwambia taa yako inawaka. Skuta mpya nyingi hazina swichi ya kuzima taa ya mbele. India, zinakotoka Boxer za Bajaj na TVS, tangu 2017 pikipiki mpya zinatakiwa ziwe na taa inayowaka muda wote injini ikiwa hai. Lakini huku kwetu taa mchana ni ya msafara, ya msiba au ya mtu aliyesahau. Inamisha kichwa, endelea. Usijaribu kumweleza.

Ukitoka mjini mambo yanazidi kunoga. Barabara ya Iringa inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na ukiwa kwenye magurudumu mawili pale huna bati la kujificha. Nilikuwa naelekea Iringa jioni, kijana kwenye Boxer akaja mbele yangu, akaniwashia taa, kisha akaondoa mkono wa kushoto, akauweka mbele ya helmeti na kuutikisa chini juu, chini juu. Mkonga. Sijawahi kuelewa ishara haraka hivyo. Nikapunguza mpaka gia ya pili, na baada ya kona wakawa wapo, jike na ndama wake, wamesimama ukingoni kabisa mwa lami, na nyuma yao malori mawili yamezima injini. Hatukufahamiana, mimi na yule kijana, na sidhani kama aliangalia nimepanda nini.

Piki kubwa za wasafiri, wale wa kutoka Ulaya wanaoshuka mpaka Cape Town na masanduku ya bati pembeni, hao watakupungia wewe na skuta yako, na watampungia hata mwenye baiskeli. Wengi wametoka nchi za kupita kulia na mkono wao umezoea. Vikundi vyetu vya mjini ndiko utakakokuta wachache wanaopima mtu kwa cc. Waache. Ukisimama nao kwenye taa za barabarani, lakini, utashangaa: kioo cha helmeti kinafunguliwa, "Hiyo inakula mafuta kiasi gani, mkuu?" Kwa dereva wa kwetu hiyo ni salamu kamili, inataka jibu kamili. Mwambie lita yako inakwenda kilomita ngapi, naye atakwambia yake huku akiona uchungu.

Nani aanze? Kwa watu wa pwani swali hili lilijibiwa kabla injini hazijazaliwa. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) inafundisha kwamba aliyepanda amsalimie anayetembea, anayetembea amsalimie aliyekaa, na wachache wawasalimie wengi, na mdogo humwanza mkubwa. Nenda Mji Mkongwe, Unguja, uione ikifanya kazi. Mwenye Vespa anaingia kichochoro ambacho mikono miwili inagusa kuta, anapunguza, "Asalaam aleykum" kwa waliokaa barazani, wanaitikia kwa pamoja wakati yeye ameshapinda kona. Hakuna mkono ulioondoka kwenye usukani. Kwa kipimo hicho, wewe mmoja ukikutana na kundi la piki kumi, mwanzaji ni wewe. Na kundi likisalimiwa, akiitikia mmoja imetosha kwa wote. Kwa hiyo kama aliyetangulia alitikisa kichwa, hao tisa hawakukukosea adabu. Ukubwa wa injini haumo popote.

Kuhusu taa, mimi nakushauri usiitumie kwa salamu kabisa. Njia kuu taa ina kazi nyingi mno. Basi likikuwashia kutoka mbele huenda linapita gari lingine na linakutaka ukae pembeni, au kuna trafiki mwenye tochi, au kuna ajali baada ya kilima. Kila anayeona taa anaanza kukagua kitu. Ukimwashia ili umwambie mambo vipi, unamtoa mawazo bure. Mimi nawasha kwa wanyama, mafuta yaliyomwagika na gari lililoharibika pasipo majani barabarani. Kwa tochi siwashi. Anayekwenda 90 mbele ya shule ya msingi na apigwe picha yake. Najua hapa nitatukanwa.

Lori likikupisha kwa kuwasha indiketa ya kushoto, hapo ndipo pa kushukuru: ukishalipita, pi-pii mbili fupi, dereva anaelewa. Akiwasha ya kulia kaa nyuma, kuna kitu kinakuja.

Honi mjini kwa wenzako ni sawa, fupi. Kwa waenda kwa miguu achana nayo. Hapa mjini pi moja kutoka kwenye chombo cha magurudumu mawili maana yake "unakwenda?" Mimi nilimpigia jirani yangu pale Kimara kumjulisha nimemwona, kabla sijasimama vizuri bibi aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameshashika bega langu, ameweka kikapu katikati ya miguu yangu, anauliza mpaka Mwenge ni shilingi ngapi.