Mvuvi na Mto: Maswali Yenu Kuhusu Stilihedi na Trauti

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanaovua kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ikafanana na mdudu, kwenye mito inayoingia Pasifiki, upande wa Marekani na Kanada. Zilizofanana tumeziunganisha.

Wahariri, kitabu cha kanuni kinamtaja stilihedi peke yake na trauti wa upinde peke yake, lakini wenzangu wanasema ni samaki yuleyule. Nani mkweli?

Wote ni wakweli. Kwa jina la kitaalamu wote wawili ni *Oncorhynchus mykiss*. Anayezaliwa mtoni na kumalizia maisha yake humo tunamwita trauti wa upinde. Anayeteremka hadi baharini, akanenepa huko mwaka mmoja hadi mitatu, kisha akarudi kutaga, ndiye stilihedi. Wazazi wa mtoni wanaweza kuzaa mtoto atakayekwenda baharini, na kinyume chake pia. Hadi mwaka 1989 wanasayansi walimweka kundi moja na trauti wa kahawia wa Ulaya, ndipo wakamhamishia kwa samoni wa Pasifiki. Ila tofauti na samoni wengi wa huko, yeye kutaga hakumuui lazima. Wengine hurudi baharini wakiwa wembamba na wamechoka, wakapona, wakaja kutaga tena.

Kanuni haziwezi kusubiri maabara, kwa hiyo hutumia rula. Jimbo la Washington humhesabu trauti wa upinde aliyezidi inchi 20 kuwa ni stilihedi, akiwa kwenye mto ambao stilihedi hupanda. Ukishampima, tazama pezi dogo la nyama lililo mgongoni karibu na mkia. Likiwa limekatwa na kovu limepona, samaki huyo ametoka kituo cha kutotoleshea vifaranga. Likiwepo, mchukulie kuwa ni wa asili. Jimbo la British Columbia, Kanada, kila stilihedi wa asili lazima arudishwe majini, na sehemu kubwa ya mito ya Washington na Oregon ni hivyohivyo. Soma ukurasa wa mto wako mwenyewe kila msimu, maana kufungwa kwa dharura hutangazwa hata katikati ya mwezi.

Nina likizo ya wiki moja tu kwa mwaka. Nichukue mwezi gani?

Kuna makundi mawili. Stilihedi wa kiangazi huingia mtoni kati ya Mei na Oktoba, mayai yao yakiwa bado machanga, na hukaa mtoni miezi mingi hadi majira ya kutaga. Hao ndio wasafiri wa mbali. Anayefika mto Grande Ronde amepita mabwawa manane ya mito Columbia na Snake. Wa majira ya baridi huingia kati ya Novemba na Aprili wakiwa karibu tayari kutaga, na wengi wao hupanda mito mifupi ya pwani. Kwa hiyo ukitaka maji ya chini, mshipi wa kuelea na asubuhi zisizo na barafu, panga Agosti au Septemba, kwenye mito ya Oregon kama Deschutes au North Umpqua. Ukitaka samaki aliyetoka baharini juzi, bado anang'aa kama bati jipya, panga majira ya baridi na ukubali kulowa.

Ila kalenda inakufikisha mlangoni tu. Maji ndiyo yanayoamua. Wiki moja iliyopangwa miezi sita kabla inaweza kuangukia mafuriko matupu, kwa hiyo kama mwajiri wako anaruhusu, gawanya siku hizo mara mbili. Vipimo vya mito vya USGS, shirika la Marekani la uchunguzi wa jiolojia na maji, vinaonekana kwenye intaneti bure, kwa futi za ujazo kwa sekunde. Usitafute namba fulani ya ajabu. Tazama mwelekeo wa mstari. Mto unaopanda huleta majani, vijiti na matope, na samaki husogea ukingoni au hutulia tu. Mto unaoshuka baada ya mvua, rangi ikitoka kahawia kwenda kijani, ndio wa kukimbilia. Kipimo cha haraka ni buti zako: ingia maji ya magoti, na kama huzioni, rudi ukanywe chai. Ukiziona maji yakiwa kiunoni, vua kwa matumaini. Mto mfupi wenye mawe huweza kusafika ndani ya siku moja au mbili. Wenye kingo za udongo mfinyanzi waweza kuchukua wiki. Mito inayotoka kwenye barafu ya milimani ina kichekesho chake: siku za joto kali hugeuka kama maziwa bila tone la mvua, kwa sababu barafu inayeyuka.

Nunua na kipimajoto cha maji. Stilihedi huwa mchangamfu maji yakiwa takriban nyuzi 7 hadi 13 za Selsiasi. Chini ya 4 bado atashika, ila hatasogea mbali, hivyo nzi apite polepole na karibu naye. Kushuka ghafla ni kubaya kuliko baridi iliyotulia: maji yaliyokaa nyuzi 5 wiki nzima ni afadhali kuliko yaliyokuwa 8 jana yakawa 5 leo. Ndiyo sababu katikati ya baridi hakuna haja ya kuamka alfajiri. Saa sita hadi saa tisa mchana, maji yakipanda hata nyuzi moja, ndio wakati wenyewe. Kiangazi geuza saa hizo: vua kabla jua halijagusa maji, na tena likishaondoka.

Siku tatu nimepitisha nzi kwenye maji mazuri. Mara nne nimehisi mvuto, mara nne sikunasa. Nakosea wapi?

Bila shaka unainua fimbo. Mvuvi aliyezoea trauti akihisi mguso hukwapua, na kwa trauti anayekula juu ya maji hiyo ni sawa. Stilihedi anayefuata nzi anayekata mkondo yuko nyuma ya nzi huyo, chini yako kwenye mkondo, na ametazama juu ya mto, yaani upande wako. Ukivuta wakati huo unamtoa nzi mdomoni moja kwa moja. Inabidi asubiriwe mpaka ageuke kurudi alipokuwa amelala. Hapo ndoana huteleza hadi pembeni mwa taya na kushika. Kwa hiyo acha ncha ya fimbo chini, legeza breki ya gurudumu la kukunjia mshipi, na usibane mshipi kwa kidole. Wengine huacha kitanzi cha sentimita 30 kati ya kidole na gurudumu. Mvuto ukija, usifanye lolote. Gurudumu likianza kulia na kuendelea kulia, peleka fimbo taratibu upande wa ufuko, ikiwa imelala. Ni rahisi kuandika, ila mkono huwa hausikii.

Kagua pia ndoana. Iburute juu ya ukucha. Ikiteleza bila kukwaruza, inoe au uitupe. Na kama nzi wako amefungwa kwenye ndoana yenye shina refu, samaki anapata wenzo wa kuing'oa. Nzi wakubwa wa majira ya baridi, kama Intruder, huwa na ndoana fupi inayoning'inia nyuma kwa kitanzi cha uzi kwa sababu hiyohiyo.

Sasa upitishaji wenyewe. Fimbo ya mikono miwili, futi 13, namba 7 au 8 (namba ya uzito wa mshipi wake), inatosha mito mingi. Majira ya baridi weka kichwa, yaani sehemu nene ya mbele ya mshipi, kifupi na kizito cha aina ya Skagit, na futi 10 za ncha ya kuzama ya T-11, ambayo ni aina ya mshipi mzito, halafu futi 3 au 4 tu za uzi unaohimili ratili 12 hadi 15. Uzi ukiwa mrefu, ncha huzama na nzi hubaki juu. Tupa mshipi kuelekea ng'ambo na chini kidogo, pindua tumbo lake mara moja kuelekea juu ya mto, kisha piga hatua mbili kufuata mkondo wakati mshipi bado umelegea. Hapo ndipo kina kinapopatikana. T-11 huzama karibu sentimita 18 kwa sekunde, kwa hiyo mita 1.2 huhitaji kama sekunde saba za ulegevu. Mshipi ukishakazwa na mkondo, kuzama kumekwisha. Nzi akate mto kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Akifika ufukoni mwache aning'inie sekunde tano kabla ya kuvuta, kwa sababu wengine humfuata hadi hapo. Halafu sogea hatua mbili, tupa tena. Anayesimama pahali pamoja anamwonyesha samaki yuleyule kitu kilekile.

Kama unagonga mawe kila mtupo, usikimbilie kubadilisha ncha. Kwanza tupa kwa pembe inayoelekea chini zaidi ya mto, ili mshipi ukazwe mapema na mkondo.

Juni hii trauti wanakula juu ya maji mbele ya macho yangu, lakini nzi wangu hawamtaki. Nimebadilisha rangi mara kumi.

Acha rangi. Sababu ya kwanza ni mburuto: mshipi umelala kwenye maji ya kasi, nzi yuko kwenye maji ya polepole, naye anavutwa kidogo tu, kiasi ambacho wewe huoni ila samaki anakiona. Sogea mahali mikondo kati yako na samaki iwe michache, na rudisha ncha ya fimbo kidogo mshipi ukiwa hewani ili uanguke na mikunjo. Ongeza urefu wa uzi wa mwisho kabla ya kupunguza unene: sentimita 90 hadi 120 badala ya 50. Kuhusu unene, gawanya namba ya ndoana kwa tatu. Ndoana 16 inataka 5X, yaani milimita 0.15.

Sababu ya pili, huenda hawali juu kabisa. Pua ikitokeza na kuacha povu, amekula juu. Ukiona mgongo na mkia tu bila povu, anakula wadudu walio chini kidogo ya uso wa maji, wanaojaribu kuvua gamba. Mfunge tunutu mdogo sentimita 30 nyuma ya nzi anayeelea.

Kwenye Deschutes, kati ya katikati ya Mei na katikati ya Juni, kuna wadudu wakubwa wa mawe ambao hawaibukii katikati ya mto. Hutambaa hadi kwenye nyasi na miti ya ufukoni, kisha huanguka majini. Anayewatupia trauti katikati ya mto anawaacha mgongoni mwake. Tupa chini ya matawi, nzi namba 4 hadi 8, uzi wa 3X.

Maji ya moto: nikimrudisha samaki, si inatosha?

Haitoshi. Maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo, na samaki aliyepigana anahitaji nyingi zaidi. Yakifika nyuzi 20, kunja mshipi. Montana hufunga uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku kwenye mito iliyofika Farenhaiti 73, yaani karibu Selsiasi 23, siku tatu mfululizo. Hiyo ni amri ya serikali. Mvuvi mwenye kipimajoto huwa ameshaondoka.

Siku za baridi tumia ndoana isiyo na kijino, lowesha mikono, na mwache matamvua yake yakiwa majini. Washington ni marufuku kumtoa majini kabisa stilihedi usiyeruhusiwa kumchukua, hata kwa picha.

Masika tazama unapokanyaga. Changarawe yenye duara jeupe, safi kuliko jirani zake, ni kiota. Mayai hulala kwenye kilima kidogo upande wa chini wa shimo, kwa hiyo kuruka shimo na kukanyaga kilima ndiko kubaya zaidi.

Buti za nyayo za feli au za mpira?

Feli, yaani kitambaa kinene kilichoshindiliwa, hushika mawe yenye utelezi vizuri zaidi, lakini hukaa na unyevu siku nyingi na kubeba viumbe kutoka mto mmoja hadi mwingine. Alaska ilizipiga marufuku kwenye maji yasiyo na chumvi mwaka 2012. Chukua mpira wenye vijino vya chuma. Konokono wa matope wa New Zealand ni wadogo kiasi cha kujificha kwenye mishono, hivyo sugua buti kwa brashi, zitie kwenye friza usiku kucha, kisha zikaushe kabisa kabla ya mto mwingine.