Siku simu inaibiwa, utabaki na nini?

Swali

Yambo yako Yaya. Miye ni mama, niko nauzisha bilamba hapa Lubumbashi, mu Katuba, batu bengi bananunua kupitia Facebook na WhatsApp. Mwezi uliopita nilipata mesaji eti ukurasa wangu utafungwa nisipobonyeza pale na kuandika kode, nikabonyeza, nikaandika, ukurasa ukaenda vile. Shida ni kwamba hiyo kode ni moja tu fasi zote, jina ya mutoto wangu wa kwanza na mwaka alizaliwa, hata ku imeli. Mutoto ya dada yangu ananiambia nitafute aplikasyo ya kuchunga kode zote, lakini nikiangalia naona ziko mingi na zingine zinaomba karti ya benki, miye sina. Niko na simu moja ya Android na ordinatera ya zamani ku butike. Ya bure ya kweli ni gani? Sasa hivi nimeandika zote mu kaye.
Mama wa Katuba

Jibu

Mama, yambo sana, na pole ya ukurasa. Mbele ya yote, usitupe hiyo kaye! Batu banaicheka lakini mwizi wa intaneti hawezi kufungua kabati yako pale Katuba. Ubaya wa kaye ni kwamba inachokesha, kila mara uandike herufi 15 kwa mkono, mutu anaona bora arudilie ile moja anaijua, na ndio hiyo moja mwizi anatafuta, juu akishaipata anaijaribu ku imeli, ku Facebook, fasi zote, na wala hajaribu kwa mkono, ni programu inamfanyia.

Sasa hizi aplikasyo ziko mingi kweli, sitazipitia zote. Nitakupa kipimo kimoja tu: leo jioni unatoka soko ya Kenya, ile ya hapo Lubumbashi, unaingiza mkono mu mufuko, simu haiko. Utabaki na nini?

Ile ya Google, yenye iko ndani ya Chrome, tayari uko nayo, ni bure, na ku ordinatera inafika pia ukiingia Chrome na Gmail yako. Si mbaya. Lakini kila kitu kinaninginia ku Gmail, na Gmail mara nyingi inataka kuhakikisha ni wewe kupitia simu yenyewe yenye imeibiwa, au SMS ku SIM yenye imeenda nayo.

LastPass, bado kuna wenye wanaisifu juu zamani ilikuwa na jina. Tangu Machi 2021 ile ya bure inakuchagulisha: ama simu ama ordinatera, si zote mbili. Kwako haifai. Na mu 2022 wezi waliingia kwao wakatoka na kopi za masanduku ya wateja, yaani fasi kode zote za mutu zinachungwa. Masanduku yalikuwa yamefungwa, ndiyo, ila mwizi akiwa nayo kwake anaweza kukaa anajaribu funguo usiku na mchana na hakuna wa kumzuia, basi mwenye alifunga na jina ya mutoto na mwaka, huyo… Mama unaelewa kwa nini nakutajia hii.

Miye ningekuambia chukua Bitwarden. Ya bure yake haihesabu, weka kode mia mbili, weka ku simu, ku ordinatera, hakuna kikomo, na karti ya benki hawaombi. Mega ya intaneti ikiisha bado unaona kode zako ku simu, kuongeza mpya ndio utangoja mtandao. Proton Pass, ya kampani moja ya Uswisi, ilitoka 2023, nayo ya bure haina kikomo cha simu wala cha kode, ukiipenda sitakugombeza.

Na kitu kimoja chenye kingekuokoa mwezi uliopita: hizi aplikasyo zinakumbuka kode pamoja na adresi ya ukurasa wenyewe. Wakikutumia ukurasa wa uongo wenye sura ya Facebook, macho yako yanaweza kudanganywa, aplikasyo haiangalii sura, inaangalia adresi, ikiona si yenyewe inanyamaza, haijazi kitu. Ikinyamaza usiandike kwa mkono! Toka pale.

Turudi ku simu imeibiwa. Na Bitwarden unaomba simu ya dada yako, unaingia na imeli na kode kubwa, ile moja yenye inafungua sanduku. Hapa ndipo batu banakwama. Tangu 2025, ukiingia na simu mpya na hujaweka ulinzi wa hatua mbili (kode yako, halafu hakikisho lingine juu yake), wanatuma kode ya kuhakikisha ku imeli yako. Sasa kama kode ya imeli iko ndani ya sanduku tu, na sanduku linangoja imeli, umejifungia nje na funguo ziko ndani. Kwa hiyo kode mbili uzijue kwa kichwa, ya sanduku na ya imeli, na uziandike ku karatasi. Pia ingia Gmail, washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu omba zile kode za akiba, za kuingilia hata simu haiko, ni 10, kila moja tarakimu 8 na inatumika mara moja tu, ziandike ku karatasi ile ile. Karatasi haikai mu mufuko moja na simu, inakaa na vitambulisho vya nyumba. Juu kode kubwa ukiisahau Bitwarden wenyewe hawawezi kukurudishia, hawaijui.

Hiyo kode kubwa usichukue methali wala mstari wa wimbo wa kanisa. Fungua kamusi macho umefunga, weka kidole, mara tano au sita, unapata kitu sawa «sombe-mabati-kidevu-safari-chungu-tembo». (Hii yangu usiichukue, imeshasomwa na gazeti nzima.) Inaonekana ndefu lakini siku ya tatu vidole vinaijua vyenyewe.

Aplikasyo uichukue ku Play Store, usikubali mtu akutumie kwa Xender, ile ya kutumiana vitu simu kwa simu, hata mutoto ya dada. Anza kubadilisha kode ya imeli, kisha Facebook, zingine pole pole kila ukiingia. Ku siberi usifungue sanduku kabisa, mashini za pale huwezi kujua ziko na programu gani ya kunasa unachoandika. PIN ya Airtel Money au M-Pesa ibaki mu kichwa tu, ukipiga zile namba za nyota aplikasyo haiwezi kukujazia.

Swali

Mukubwa, miye ni mwanafunzi hapa Bukavu, mega ni shida na siamini kuweka kode zangu kwa mashini ya batu. Kuna ya kutumika bila intaneti?

Jibu

Iko, ndugu yangu. KeePass, Mjerumani mmoja aliianzisha 2003. Ku ordinatera chukua KeePassXC, ku Android KeePassDX, zote bure, hazina konti wala hazitumi kitu fasi yoyote. Kode zote zinakaa mu fishie moja iliyofungwa, na hiyo fishie ni yako kuichunga. Kwa hiyo kipimo cha yule mama kinakuhusu zaidi: simu ikienda na hukufanya kopi, basi. Kila ukiongeza kode mpya weka kopi ku fulashi mbili, moja iache kwenu nyumbani. Na ukitoa kode zako ku Chrome kuzileta huku, Chrome inakupa fishie ya CSV yenye haijafungwa, mutu yeyote akiifungua anasoma zote. Ukimaliza kuiingiza ifute mu Downloads, halafu uifute tena mu kapu ya takataka.