Hoteli nne, muuza samaki mmoja

Dada, umeuliza kama hoteli zenu nne za Nyali na Bamburi zinaweza kumkagua muuza samaki wenu kwa pamoja, badala ya kila moja kumpelekea mkaguzi wake. Zinaweza, na yeye mwenyewe atashukuru. Kujibu maswali yale yale mara nne kunamchosha hata mwenye subira.

Anzeni na fomu moja ya maswali. Msijisumbue kubuni upya: kanuni za usafi za Codex, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), zipo, na ISO 22000, kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama wa chakula, pia. Kwa jodari, bana sana habari ya barafu. Jodari akikaa na joto, histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, hupanda, na kumpika hakuiondoi. Mkaguzi atie kipimajoto katikati ya mnofu, si juu juu. Nimewahi kuona kreti inameta barafu, kumbe chini samaki wamelala kwenye maji vuguvugu.

Ugomvi huja kwenye ripoti. Kubalianeni mapema nani analipa na nani anaisoma, na bei anazouzia kila hoteli zisiingie humo kabisa. Mpishi wako naye aendelee kupima kila mzigo mlangoni, ukaguzi uwepo usiwepo.