Albamu uliyoipuuza zamani hurudi kwa mlango mwingine

Mkuu, umeuliza kama bado kuna haja ya kusikiliza albamu nzima wakati programu ya muziki kwenye simu inakupangia nyimbo yenyewe, na inakuwaje albamu iliyokuchosha zamani ikunase leo. Nakujibu kama mtu anayeamka na muziki na kulala nao.

Programu siichukii. Nikiwa nafua au niko njiani naiacha ichague. Ila inanipa kinachofanana na nilichosikiliza jana, na albamu zilizonirudia mimi hazikuja kwa kufanana. Zilipitia muziki wa aina nyingine kabisa.

Chukua Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya 1959. Wapenzi wa jazi wote walinielekeza hapo. Nikaiweka, nikaona hakuna kinachotokea, nikaachana nayo. Baadaye nikazama kwenye sebene za Franco na bendi yake ya TPOK Jazz ya Kongo, magitaa yanayozunguka palepale mpaka unasahau wimbo ulianzia wapi. Kutoka huko nikaangukia kwa Fela Kuti wa Nigeria. Albamu yake Zombie ilipotoka kwenye santuri ilikuwa na nyimbo mbili tu, mmoja kila upande! Muziki wa namna hiyo unakufundisha kutulia. Besi na ngoma zinashikilia palepale, basi sikio linaacha kusubiri kiitikio na kuanza kuokota vitu vidogo: gitaa linalojibu lingine, saksafoni inayoingia kwa kuchelewa kidogo.

Niliporudi kwa Davis na masikio hayo, wimbo wa kwanza, So What, ulinifungukia. Mzunguko wake una vipimo 32 (kila kipimo ni mapigo manne): 16 kwenye skeli moja, yaani ngazi moja ya noti, 8 kwenye ngazi ileile ikipanda kidogo tu, 8 kurudi chini. Basi. Mpigaji hana msururu wa kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) wa kuufukuzia, kwa hiyo anachofanya na nafasi ile ndiyo habari yenyewe. Davis anaacha mapengo, John Coltrane, mpiga saksafoni wake, anapiga noti tele. Kile nilichokiona utupu kumbe kilipangwa. (Kwa wanaotafuta santuri za zamani: upande wa kwanza unakwenda kasi kidogo kuliko ulivyopigwa, kwa sababu siku ya kurekodi mashine ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, basi ukiicheza kwa kasi ya kawaida inakimbia. Toleo la 1992 ndilo lililorekebisha.)

Kuhusu mpangilio, sikiliza Exodus ya Bob Marley, ya 1977, kuanzia mwanzo bila kuruka. Upande wa kwanza ni mzito, maandiko na hukumu, unaishia na wimbo wenye jina la albamu. Unageuza santuri, inaanza Jamming, na kuanzia hapo ni raha na mapenzi. Three Little Birds tumeusikia hadi tumeuzoea, tunauona wimbo wa watoto. Usikie mahali pake, karibu na mwisho, baada ya uzito wote ule, ukijua kwamba Desemba 1976 huyu mtu alipigwa risasi nyumbani kwake kisha albamu akaikamilisha London. Maneno ya kutokuwa na wasiwasi yanabadilika uzito. Ukichanganyiwa nyimbo ovyo hilo hulipati.

Kwa hiyo mimi albamu naisikiliza kwa pande, hata kama iko kwenye simu. Upande wa santuri ni dakika ishirini na kitu, nao watayarishaji walipanga nyimbo wakijua msikilizaji atainuka kugeuza. Nusu hiyo inatosha kwa kuosha vyombo. Isipokushika usiilazimishe, nenda kwenye muziki mwingine uirudie ukikumbuka.

Metali bado imenigomea. Rafiki yangu anasema nipitie bluzi kwanza ndipo nirudi kwa Black Sabbath, bendi ya metali ya Uingereza, na ndiko niliko sasa. Mdau aliyeingilia njia nyingine anitajie.