Jibu: Askari wa Kaskazini alikula nini, 1861–1865?

Mkuu, umeuliza kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani askari wa kawaida wa Kaskazini alikula nini, na kama kweli biskuti zilikuwa na wadudu. Kweli kabisa.

Kwa kanuni, posho ya siku ilikuwa gramu 340 hivi za nyama ya nguruwe ya chumvi, au gramu 570 za ng'ombe, pamoja na gramu 450 za biskuti ngumu, yaani vipande tisa au kumi. Ni unga wa ngano na maji tu, imekaushwa hadi jino linagoma. Makasha yakikaa sana ghalani, fukusi wanaingia. Yakinyeshewa, ni ukungu. Biskuti ilivunjwa kwa kitako cha bunduki, ikatumbukizwa kwenye kahawa ya moto, fukusi wakaelea, wakaenguliwa, mtu akala. Wengine waliiloweka kwenye maji baridi kisha wakaikaanga kwa mafuta ya nguruwe. Mboga mbichi zilikuwa adimu, ndiyo maana kiseyeye, ugonjwa wa fizi kutoka damu, hakikuisha.

Kahawa ndiyo haikufanyiwa mzaha: kama gramu 45 za buni mbichi kwa mtu kwa siku. Kinu hakuna, walitwanga ndani ya ndoo kwa kitako hichohicho. Wa Kusini, bandari zao zikiwa zimefungwa na manowari za Kaskazini, walikaanga karanga au viazi vitamu wakajidanganya navyo.

Ila fukusi hawakuua mtu. Kuhara ndiko kuliua, vyoo vikichimbwa karibu na maji ya kunywa. Magonjwa yaliua wengi kuliko risasi.