Tumbo la Jumatatu

Mwanangu Zuhura,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima, baba yako yuko na goti lake vilevile, na mvua bado inatuchezea.

Umeniuliza kama umwache mjukuu wangu Rashidi aangalie na mama mkwe wako ile tamthilia ya Kijapani ya 2019, ya wanaume wawili wanaoishi pamoja, mwanasheria na mwenzake wa saluni, kazi yao kupika na kula. Mume wako haoni tatizo, wewe roho inasita, unataka neno langu. Nitalijibu. Ila kule chini, baada ya habari za bei ya mchele, umeandika kwamba siku hizi kila Jumatatu mtoto anaumwa tumbo na hataki shule. Hilo hukuliuliza, na ndilo lililoninyima usingizi.

Unaukumbuka ule mwaka 2005, baba yako kutwa minadani kwenye magari, sisi tuko huko Japani, ghorofani juu ya yule mzee aliyekuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio. Kwenye televisheni alikuwapo mchekeshaji aliyejiita Hard Gay: kaptura nyeusi ya ngozi imembana, kofia, miwani myeusi, anawatikisia watu kiuno barabarani huku akipiga kelele, “Fuu!” Nchi nzima inacheka. Mwenyewe, Masaki Sumitani, wala hakuwa shoga. Mwaka uliofuata akaoa mke. Ilikuwa kazi yake na ilimlipa.

Ikafika siku ya wazazi kukaa darasani. Ulikuwa darasa la tano. Kabla kipindi hakijaanza, wavulana wakamtoa mbele yule jirani yako wa dawati, aliyekuwa akikukunjia kobe wa karatasi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na hilo tu ndilo lililokuwa kosa lake. Wamemvisha mfuko mweusi wa taka, matundu ya mikono wameyakata kwa mkasi vizuri kabisa, maana yake haikuwa siku ya kwanza. Akatikisa kiuno. Akasema “Fuu!” Wazazi wakacheka, akina mama wameziba midomo kwa viganja. Mwalimu akaangalia saa. Na mtoto mwenyewe alicheka pia, Zuhura, meno yote nje, masikio mekundu kama yamechapwa.

Nikamwendea mwalimu na Kijapani changu kile cha sokoni: huyu mtoto anataka? Akaniinamia kwa adabu zote, akasema wanacheza tu.

Wanacheza! Nimewaambia tangu mnarushiana maembe kule Chumbageni: mchezo ambao mmoja wenu hawezi kusema basi, huo si mchezo. Baba yako alisema nimetutia aibu, mgeni hafundishi wenyeji kulea. Sijamsamehe kwa hilo, na akiisoma barua hii sawa tu.

Baadaye ndipo nilipopata kisa cha Tokyo. Wanafunzi walimfanyia mwenzao maziko ya uongo, wakaweka na kadi ya rambirambi, na walimu kadhaa wakatia saini. Mwaka 1986 yule mtoto akajiua. Alikuwa na miaka 13. Mahakama ya kwanza iliona yale maziko ni utani. Mpaka rufaa ya 1994 ndipo ikakubaliwa kuwa ni uonevu. Mwaka 2011 akajiua mwingine wa miaka hiyohiyo katika mji wa Otsu, na 2013 wakatunga sheria ya kuzuia uonevu shuleni. Sheria ipo. Hata hivyo mwaka 2022 wanafunzi waliojiua nchini humo, kuanzia wa msingi hadi wa sekondari, walipita 500.

Najua utanijibu: Mama, si wote walionewa, wengine ni mitihani, wengine ni mambo ya nyumbani. Kweli. Na televisheni haijamuua mtu kwa mkono wake. Kweli pia. Lakini ule mfuko wa taka watoto waliutoa wapi? Walikuwa wameonyeshwa mtu wa kuchekwa, wakatafuta wa kwao. Na wakubwa hawakujifunza upesi: mwaka 2017 kituo cha televisheni cha Fuji TV walimrudisha kikaragosi wao wa zamani, mashavu ya waridi na kivuli cha ndevu cha kupaka, kumdhihaki shoga kwa mara nyingine. Safari hii watu walikataa, mpaka rais wa kituo akaomba radhi.

Sasa usiniambie mbona nilikuwa nampenda Matsuko Deluxe, yule shoga maarufu wa televisheni, na magauni yake kama hema la harusi. Nilimpenda na bado nampenda. Yule anawachekesha watu akitaka, na akichoka anawafokea. Anaweza kusema basi. Ryuchell je? Naye alikuwa nyota wa televisheni, tena wa kupendwa, 2022 akaweka wazi kwamba inamwia vigumu kuishi kama mume, mitandao ikamshukia kwa matusi, na Julai 2023 akafariki akiwa na miaka 27. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mungu. Matusi tuliyaona sote.

Basi hiyo tamthilia. Mimi siiangalii. Dini yangu unaijua, na huko usinisukume, maana nikianza kuandika sitanyamaza. Lakini hao wawili, kwa ulivyonieleza, mmoja anahesabu yeni dukani ili kabichi isizidi bajeti, na hakuna anayemtikisia mwenzake kiuno. Mtoto akitoka hapo atakwenda kumfanyia nini mwenzake darasani? Kumpikia? Astaghfirullah, nimeanza kuitetea. Nyumba ni yako, ulimi wangu naushika, ingawa unaniwasha.

La tumbo siushiki. Usimuulize kama anaonewa, atakwambia hapana. Muulize wakati wa mapumziko wanacheza nini, na nani hufanywa adui kila siku. Angalia viatu vyake vya ndani vya shule, kama vinapotea ovyo au vimechorwa. Na kama si yeye anayeonewa bali yeye ndiye mwenye mkasi, vilevile nataka kujua.

Tena Septemba hii hapa. Serikali yenyewe ilitoa hesabu 2015, kwa miaka kuanzia 1972 hadi 2013: hakuna siku watoto wanajiua wengi kama Septemba 1, shule zikifunguliwa. Mwaka huohuo maktaba ya mji wa Kamakura ikawatangazia watoto kwamba anayeona heri kufa kuliko shule, aje kwao, katuni zipo, na akikaa kutwa hakuna wa kumuuliza. Nilivyofurahi! Nilimsomea baba yako mara mbili, hata yeye alinyamaza.

Kwa hiyo akiamka na tumbo siku hiyo, abaki. Kama ni kazi inakuzuia, mpeleke maktaba, au nipandie ndege nije. Jumapili mpe simu huyo mume wangu mdogo, nyie mtoke chumbani. Na yale majani ya chai usinitumie tena, baba yako anasema yananuka nyasi.

Mama yako